Uliza Fundi: Supachaja ipi kwa ndege yenye injini ya Mazda?

Barua ya kwanza

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Aurora, Colorado, huku Marekani. Kazi yangu ni kutengeneza lifti, lakini gari langu linalala nje kwa sababu gereji imejaa ndege. Naunda RV-7 ya viti viwili, ile inayouzwa kwa vipande. Injini ni 13B ya rota mbili (vile vipande vya pembe tatu vinavyozunguka badala ya pistoni) kutoka Mazda RX-7 ya 1990, isiyo na turbo. Nimeifungua na kuifunga upya mwenyewe. Giaboksi ya kupunguzia mwendo wa propela nimeinunua mkononi kwa mtu, ina uwiano wa 2.17 kwa 1.*

*Nitarukia Centennial, uwanja ulio futi 5,885 juu ya bahari, na ninachotaka hasa ni kuvuka milima hadi Leadville, futi 9,934. Nimeona supachaja tatu, zile pampu za kuijaza injini hewa zinazozungushwa kwa mkanda. Moja ni Eaton M62 iliyotolewa kwenye Mercedes Kompressor, iko kwenye yadi ya magari mabovu. Ya pili ni Eaton M45 ya MINI Cooper S, yadi hiyo hiyo. Ya tatu ni mpya, ya aina ya feni, na bei yake inanitoa jasho. Jamaa mmoja wa hangani ananiambia nichukue yoyote, nifunge puli ndogo, nipate pauni 10 za presha nisahau shida. Wewe unasemaje?*
— M.S., Aurora

Marahaba, mwanangu. Umetoka kwenye hewa nene ya Tanga ukaenda kuishi kwenye hewa nyepesi, na shida yako yote iko hapo. Supachaja inakuja baadaye.

Huyo jamaa wa hangani kunywa naye chai, ila ushauri wake uuache mezani. Siku ya Julai yenye nyuzi 30, presha ya hewa Centennial ni kama inchi 24 za zebaki, wakati ufukweni Tanga ni karibu 30. Ukiongeza pauni 10 juu ya hapo, unaibana hewa mara 1.85 ya ilivyokuwa. Kwa supachaja ya Roots, ambayo ndiyo aina ya hizo Eaton mbili, hewa hiyo itatoka ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 130. Halafu inaingia kwenye injini ambayo yenyewe inabana 9.7 kwa 1. Itagonga, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli utalipuka wenyewe kabla ya wakati. Injini ya pistoni ikigonga kidogo unaweza kusikia, ukapunguza nguvu, ukafika nyumbani. Rota haikupi nafasi hiyo. Sili za ncha, vile vipande vyembamba vya chuma kwenye kona tatu za rota, ni vigumu lakini havipindi: pigo moja baya la kugonga na kimoja kinakatika, kinakwaruza ukuta wa chemba, kinatokea kwenye ekzosi. Nimefungua injini za RX-8 zilizoletwa kutoka Japani zikiwa zimefikia hapo. Makovu ya ukuta yanaonekana hata kwa asiye fundi.

Kwa hiyo kwanza tukubaliane unatafuta nini. Hutafuti farasi wa ziada. Unatafuta kurudishiwa wale ambao mlima umekunyang'anya.

Wamepotea wangapi? Siku hiyo ya nyuzi 30, ukijumlisha wepesi wa hewa na joto lake, injini inajiona iko futi 9,000 na ushei. Marubani wa Wilson pale Nairobi, futi 5,546, hawahitaji kuelezwa habari hii. Nilipokuwa nashika spana pale, ndege iliyoachia lami mapema alfajiri, mchana ilikuwa inaitafuna njia karibu yote ikiwa na abiria wale wale. 13B yako ilitoka kiwandani na farasi 160 kwa raundi 7,000, usawa wa bahari. Lakini kwa giaboksi ya 2.17 huifikii raundi 7,000, kwa sababu propela ingekuwa inazunguka mara 3,226 kwa dakika. Propela ya inchi 72 kwa mwendo huo, ncha zake zinaisogelea kasi ya sauti. Utapata kelele, msukumo hutaupata. Umefungwa basi kwenye raundi 6,000 hivi, propela ikiwa 2,765. Kwa penseli yangu hapo una kama farasi 145 ufukweni, na kama 106 Centennial mchana wa Julai. Wengi wenye RV-7 wanaweka injini ya farasi 160 hadi 200. Naelewa kwa nini unahangaika.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawaliandiki kwenye boksi. Presha na hewa ni vitu viwili. Injini haili presha, inakula uzito wa hewa. Chukua supachaja ya kiasi, inayozidisha presha mara 1.35. Ukiisikia 1.35 unadhani umepata asilimia 35. Lakini kubana hewa kunaipasha moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Roots, ambayo ufanisi wake katika kubana ni kama asilimia 55 tu, itaichukua hewa ya nyuzi 30 na kuitoa ikiwa na nyuzi 79 hivi. Ukipiga hesabu ya joto hilo, uzito wa hewa umeongezeka asilimia 16 tu. Toa tena farasi 9 au 10 wanaokwenda kuuzungusha mkanda. Kutoka farasi 106 umefika kama 113. Farasi saba! Na umeongeza chuma, puli, mkanda, na joto ndani ya boneti.

Linganisha na hili: acha supachaja kabisa, badilisha giaboksi uweke ya 2.85 kwa 1. Sasa unaweza kuiachia injini ifike raundi 7,000 inapozipenda, propela ikizunguka 2,456 kwa utulivu. Mchana ule ule, Centennial ile ile, una kama farasi 117. Umeipita ile Roots bila kuongeza kifaa hata kimoja kinachozunguka.

Najua roho inasita kusikia raundi 7,000 kwenye ndege. Mafundi wa Lycoming, zile injini za pistoni za ndege ndogo, watakwambia utaiua injini, kwa kuwa wao wamezoea kitu kinachochoka kikipita 2,700. Kwenye rota, namba unayoisoma kwenye geji ni ya shafti. Rota zenyewe zinazunguka theluthi yake, yaani 2,333, wala hazipandi na kushuka. Hakuna pistoni inayosimama na kugeuza njia, hakuna vali wala springi. Mwaka 1991 Mazda walishinda mbio za magari za Le Mans kwa gari la 787B, lenye injini ya rota nne isiyo na turbo wala supachaja, saa 24 nzima, kwa raundi zaidi ya hizo ninazokupa wewe. Pesa yako ya kwanza, basi, ni ya giaboksi, na ya propela inayoendana nayo, maana ile uliyopangia 2,765 haitafaa.

Leadville ni habari nyingine, hapo nakubali giaboksi peke yake haitoshi. Kwenye futi 9,934 presha ni inchi 20 na nusu hivi, hata siku ya baridi. Na ukitaka kuvuka mgongo wa milima utapanda juu zaidi ya hapo. Huko supachaja ina kazi ya kweli. Lakini ile ya kuzidisha mara 1.35 inakutosha: kwenye futi 8,000 inakurudishia inchi 30 kamili kama umekaa Tanga, na kwenye futi 12,000 inakupa inchi 25 na kitu, injini ikidhani iko futi 4,000 na ushei. (Ukipita futi 12,500 kwa zaidi ya nusu saa, sheria ya huko inataka rubani avute oksijeni. Supachaja inailisha injini, wewe haikulishi.)

Kumbuka pia kwamba puli haijui uko kimo gani. Inazidisha tu. Ukishuka nayo mpaka pwani ya California ukasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, unapata inchi 40, na hapo umerudi kwa jamaa wa hangani. Chora mstari mwekundu kwenye geji ya manifoldi, ile ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini, inchi 30, tena kwa rangi isiyofutika, na chini ya futi 8,000 mkono wa mafuta unasukumwa kwa jicho likiwa kwenye geji. Watu wawili wakirusha ndege hiyo, wote wawili waujue mstari huo.

Sasa zile tatu zako.

M45 iache. Namba ya Eaton ni inchi za ujazo kwa kila mzunguko, na hiyo ni kama robo tatu ya lita. 13B inavuta lita 1.3 kila shafti ikizunguka mara moja. Watu wanasikia "sisisi 1,300" wanadhani ni injini ya gari dogo, kumbe kwa unywaji wa hewa ni sawa na injini ya kawaida ya lita 2.6. Ili M45 iilishe kwa raundi 6,000 lazima izungushwe karibu mara 13,000 kwa dakika, na kwa raundi 7,000 inapita 15,000. Kwenye MINI inafika huko kwa sekunde chache dereva akilipita lori. Wewe utaiweka huko muda wote wa kuukwea mlima.

M62 inalingana vizuri zaidi. Ni lita moja kwa mzunguko, na kwa raundi 6,000 za injini itahitaji 9,200 hivi, yaani puli ya uwiano wa 1.5. Kwa raundi 7,000 inakwenda 10,700. Ina mafuta yake yenyewe ndani, haiombi kwenye injini, na hilo ni jambo jema kwa rota ambayo mafuta yake tayari yanabeba sehemu kubwa ya joto. Kaka yake mkubwa, M90, iliyokuwa kwenye Ford Thunderbird Super Coupe na kwenye V6 za Buick na Pontiac, ingezunguka taratibu karibu sawa na injini, lakini ni pande la chuma. Ipime kwenye mizani kabla hujaipenda. Roots zote zina kasoro moja ya kuzaliwa. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, wa Connersville, Indiana, waliokata hataza yake mwaka 1860, walikuwa wanatengeneza kipulizio. Inasukuma hewa, haiibani ndani yake. Hewa inabanwa ikishatoka, kwa kugongana na presha iliyo mbele. Ndiyo maana ina joto. Ipo aina ya skrubu, kazi ya Mswidi Alf Lysholm, inayobana ndani kwa ndani na kutoa hewa ya baridi zaidi. Mazda wenyewe waliitumia kwenye Millenia S. Ukiikuta yadi ikiwa nzima na saizi inafaa, niandikie tena.

Ya tatu, ya feni. Hii ndiyo jamaa ya zile zilizokuwa kwenye injini ya Merlin ya Rolls-Royce, ndani ya ndege za vita Spitfire na P-51. Ufanisi wake unafika asilimia 70, kwa hiyo ile hewa ya nyuzi 30 inatoka na 69 badala ya 79, na inakula farasi wachache zaidi, saba na kidogo. Ukiipa intakula, ile rejeta ya hewa, unaipunguza mpaka nyuzi 45 hivi. Hesabu ya hapo inapendeza: kwa raundi 6,000 kama farasi 125, na ukiwa umeshabadilisha giaboksi, karibu 138, mchana wa Julai, Centennial. Hata Merlin za mwisho zenye hatua mbili za kubana ziliwekewa chombo cha kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Wale hawakuwa watu wa kubeba uzito usio na kazi.

Lakini kuna swali hukulijibu kwenye barua, na ndilo linaloamua: propela yako inabadilisha pembe angani, au ni ya pembe moja?

Supachaja ya feni inatoa presha kwa kufuata mraba wa mwendo. Ikikupa nyongeza ya asilimia 35 kwa raundi 6,000, kwa raundi 5,200 inakupa 26 tu. Propela ya pembe moja, ndege ikiwa bado iko chini inaanza kukimbia, inaikaba injini isifike raundi zake. Maana yake dakika unayoihitaji supachaja kuliko zote, ndiyo inakupa kidogo. Roots haina tatizo hilo, inajaza hata kwa mwendo mdogo. Kwa hiyo: propela ya kubadilisha pembe, chukua ya feni, jasho la bei litakauka. Propela ya pembe moja, chukua M62, na usiifunge bila intakula. Bila intakula umeshaona, ni farasi saba.

Nimefika kwenye jambo ambalo lingenifanya nisilale kama ingekuwa ndege yangu, nalo ni mkanda. Kwenye ndege injini hii inafungwa kinyume na gari, upande wa flaiwili ndio unaotazama mbele kwa sababu giaboksi na propela vinakaa hapo. Upande wa puli unatazama ukuta wa kokpiti. Kwanza, kubadilisha mkanda hapo ni kazi ya kutukana. Acha nafasi ya mkono kabla hujachomelea bracketi yoyote. Pili, na hili ni zito, kwenye puli hizo hizo ndiko unakozungushwa pampu ya maji na alteneta. Mkanda wa supachaja ukikatika, vipande vyake vinaruka na kujisokota. Vikiung'oa mkanda wa pampu ya maji, umebaki na dakika chache: 13B ni sahani za chuma na sahani za aluminiamu zilizobanwa pamoja kwa bolti ndefu, na ikichemka hazirudi kama zilivyokuwa. Vikiing'oa alteneta, plagi na sindano za mafuta zinaishi kwa betri. Basi supachaja iwe na mkanda wake peke yake, puli yake iwe ya nje kabisa, na katikati uweke kinga ya bati nene. Betri ziwe mbili. Na uweke mlango wa kupitisha hewa kando ya supachaja, wenye springi, ili mkanda ukikatika injini ivute hewa bila kuilazimisha kupita kwenye chombo kilichosimama. Injini isiyo na supachaja bado ni injini, itakufikisha chini. Iliyozibwa pua haikufikishi.

Mafuta nayo. Vituo vya Colorado vinauza petroli ya kawaida ya okteni 85 (okteni ni kipimo cha petroli kuhimili kugonga), na vinaweza kwa sababu hewa ya huko nyepesi haiisukumi injini kugonga. Wewe ukishafunga supachaja umeiondoa sababu hiyo kwa mkono wako. Tumia 91, kamwe si 85. Petroli ya ndege ya 100LL ina okteni ya kutosha, ila ina madini ya risasi, na risasi inaganda kwenye plagi na kuua kisoma-oksijeni kwenye ekzosi. Ukiitumia safarini, safisha plagi ukirudi. Oili ya kulainisha sili usiipunguze hata tone. Na plagi ya nyuma ya kila rota iwake kwa kuchelewa zaidi kuliko ya mbele presha ikipanda. Kompyuta yoyote nzuri ya kuendesha injini inakuruhusu kupanga hilo.

Mwisho wa yote, supachaja usiifunge kabla ya safari ya kwanza. Ndege ya kujiundia yenye injini isiyo na cheti, Marekani huwa wanaipangia saa 40 za majaribio. Zirushe hizo ukiwa na giaboksi mpya, bila supachaja, asubuhi wakati hewa ni ya baridi. Jua joto la maji, la oili, jua mtetemo wake. Ukishaijua ndipo uongeze, ujaribu tena kama inavyotakiwa. Ukianza na vyote pamoja, halafu maji yakapanda joto, utajuaje kama ni rejeta ndogo, ni intakula inayopulizia rejeta hewa ya moto, au ni pampu?

Barua ya pili

*Hujambo Fundi. Mimi ni makanika wa magari hapa Eldoret, nimefunga turbo nyingi za Subaru. Naona mara nyingi kwenye ukurasa huu unapendelea mambo ya mkanda. Kwa injini ya rota kwenye ndege, si ni afadhali turbo? Turbo inazungushwa na moshi unaotoka bure, haiibii injini.*
— K.K., Eldoret

Sijambo, ndugu yangu. Kwa kimo uko sahihi kuliko unavyofikiri. Eldoret mko futi 7,000, mnaona wenyewe Subaru isiyo na turbo inavyohema kwenye mlima. Puli inazidisha kwa kiasi kile kile popote. Turbo ina mlango wa kuachia moshi, na rubani au kompyuta ikiufunga kidogo kidogo kadiri ndege inavyopanda, manifoldi inabaki inchi 30 muda mrefu bila mtu kuchora mstari mwekundu. Kama ningekuwa naunda ndege ya kwenda futi 18,000, ambako presha ni nusu ya pwani, nisingefikiria mkanda kabisa. Tena turbo inaipunguzia rota ile kelele yake inayoamsha mtaa.

Lakini moshi wa rota si moshi wa Subaru. Kwenye 13B ya zamani hakuna vali. Mlango wa ekzosi unafunguka ukutani na mchanganyiko unatoka huku bado unaungua. Joto lake linapita nyuzi 900. Mazda waliweka turbo kwenye RX-7 kwa miaka mingi na zilidumu, kwa kuwa dereva anakanyaga mpaka chini kwa sekunde kumi kisha anaachia. Rubani anapanda nusu saa nzima, kisha anasafiri saa tatu kwa robo tatu ya nguvu. Nyumba ya turbo ya chuma cha kawaida inapasuka nyufa, na bomba jekundu linakaa ndani ya boneti pamoja na mipira ya petroli. Kuna kingine: turbo inarudisha mgandamizo kwenye ekzosi, na kwenye rota ambayo mlango wa kuingiza na wa kutoa vinafunguka pamoja kidogo, moshi wa moto unarudi kuchanganyika na hewa mpya. Hapo kugonga kuko mlangoni.

Waliofanikiwa wapo. Wanachagua upande wa moshi mkubwa kuliko unaopendeza kwenye gari, wanatumia mabomba ya chuma bora, wanayafunga blanketi, wanapitisha mipira ya petroli mbali, na wanakubali presha ndogo. Kwa fundi mwenye mikono kama yako hilo linawezekana. Kwa mtengeneza lifti wa Aurora anayejenga ndege yake ya kwanza, bado nampa mkanda. Mkanda ukimshinda, injini inapungua nguvu. Turbo ikimshinda, anaweza kuwa na moto mbele ya miguu.

Barua ya tatu

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi Mwanza. Nimesoma kwamba ndege za Vita ya Kwanza ya Dunia zilikuwa na injini za kuzunguka. Je, ndizo hizi za Mazda? Na zilikuwa na supachaja?*
— Mwanafunzi, Mwanza

Marahaba. Sizo, hata hazifanani. Hii ya Mazda inatokana na kazi ya Felix Wankel na kampuni ya NSU ya Ujerumani, na ya kwanza iliwaka mwaka 1957. Zile ulizosoma, kama Gnome ya Wafaransa iliyotoka kabla ya vita, zilikuwa na pistoni na silinda za kawaida zilizopangwa duara. Ajabu yake ni kwamba shafti ilifungwa kwenye ndege isizunguke, na injini nzima, silinda zote pamoja na propela, ndiyo iliyozunguka. Zilijipoza kwa upepo wa kuzunguka kwenyewe.

Supachaja hazikuwa nazo. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulipita ndani ya shafti yenye tundu hadi kwenye tumbo la injini, na humo humo ndimo oili ilimokuwa. Ndiyo maana walitumia mafuta ya nyonyo: petroli haiyayeyushi kirahisi kama inavyofanya oili nyingine. Hayakurudi kwenye tangi. Yakishalainisha yalirushwa nje pamoja na moshi, rubani akiyavuta na kuyameza muda wote wa safari, na wengi waliharisha. Uzito ule wote unaozunguka uliifanya ndege kama Sopwith Camel igeuke upande mmoja haraka kuliko mwingine, jambo lililomsaidia mzoefu na kuwaua wanafunzi wengi. Nyingi pia hazikuwa na njia nzuri ya kupunguza mwendo, kwa hiyo rubani alitua kwa kubonyeza swichi ya kukata cheche, anaachia, anabonyeza tena. Ukipata video ya maonyesho yenye mojawapo inayotua, sikiliza: utasikia injini inakatika na kuwaka, inakatika na kuwaka, mpaka magurudumu yaguse.